KIKAPU CHA MZEE NI ZAMU YA NANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Naomba nafasi katika jarida letu la chama nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi watasema si la chama. Watasema chama ni mishahara, saa za kazi na nyumba. Mimi nasema ni la chama pia, na nikimaliza kila mtu ataamua mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili: ugonjwa wa kuambukiza unapoingia nchini, ni nani anayemnunulia mzee unga?

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikamaliza darasa la nane, kisha nikaingia kazi ya reli. Kazi yangu ni ya yadini, kupanga mabehewa na kuyaunga. Nitakayosema juu ya ugonjwa ni yale yaliyotangazwa na Serikali na yale waliyoyathibitisha mabingwa baadaye. Nitakayosema juu ya wazee ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, na mojawapo ni kosa langu mwenyewe.

Tukumbuke kwanza ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Aprili 6 njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, zikafunguliwa Julai 7. Treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa ilisimama, ikarudi Julai 13. Treni za mizigo hazikusimama, nasi wa yadini tuliendelea na kazi, barakoa usoni, maana nchi haiwezi kukaa bila shehena.

Katika redio tuliambiwa kila siku ya kwamba ugonjwa huu humshika kila mtu, lakini huwaua zaidi wazee na wenye presha, kisukari na ugonjwa wa kifua. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Kwa hiyo wazee wakaambiwa wakae nyumbani. Nayo hayo yalikuwa maneno mema. Lakini angalieni lililofuata.

Karibu na nyumba yangu, huku Eastlands, alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ugadi. Aliingia kazini mwaka 1968, siku za Reli ya Afrika Mashariki, kabla ya shirika lile kuvunjika mwaka 1977. Ndiye aliyenifundisha mengi nilipokuwa mgeni katika kazi. Mkewe alikwisha kufa, na watoto wake wako mbali. Mwezi wa Aprili nilimkuta mlangoni pake, nikamwambia kama redio ilivyosema, "Mzee, usitoke. Kaa ndani." Akanitazama, akajibu, "Nitakaa, mwanangu. Lakini unga utakuja kwa miguu yake?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Mzee, sisi tupo." Nikaenda zamu yangu.

Ndugu zangu, maneno yale "sisi tupo" ndiyo kosa langu. Sikusema nani, wala siku gani, wala saa ngapi. Jirani mwingine naye alimwambia "tupo". Vijana wa kanisa nao walimwambia "tupo". Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Siku moja mwezi wa Mei, natoka kazini saa kumi na moja ya jioni, nilimwona mzee yule katika foleni ya duka. Watu walikuwa wamebanana, maana wote walitaka kununua na kufika nyumbani kabla ya saa moja. Duka lina mlango mmoja, dirisha hakuna. Mzee amesimama katikati, mfuko mkononi, barakoa imeshuka chini ya pua. Nilimsalimu kwa mbali, nikapita, kwa kuwa nami nilikuwa na haraka.

Mwezi wa Juni alishikwa na homa na kikohozi, akapelekwa hospitali, akafa huko. Daktari alisema ni Korona. Sisemi ya kwamba aliambukizwa katika foleni ile. Hakuna awezaye kusema. Lakini najua foleni ile haikumlazimu kuingia kama mmoja wetu angekuwa amepewa kazi ya kumletea unga. Siku zile mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Mtu aliyepeperusha bendera ya kijani kwa miaka mingi, aliyejulikana katika kila stesheni, alizikwa na watu ambao wangeweza kukaa wote katika upande mmoja wa behewa.

Basi maoni yangu ni haya. Kumwambia mzee akae nyumbani bila kumpelekea chakula ni nusu ya neno. Na "tupo" bila jina na siku si ahadi. Sisi watu wa reli yatupasa kuelewa jambo hili kuliko wengine wote. Katika yadi hakuna anayesema "mtu fulani atafunga pointi". Pointi ina mwenyewe, na zamu yake imeandikwa ubaoni. Asipofika, wa zamu iliyotangulia haondoki. Tukifanya hivyo kwa mabehewa ya mawe na mbolea, kwa nini tusifanye kwa mzee aliyetufundisha kazi?

Wako watakaosema, "Korona imekwisha, mbona unaleta habari za jana?" Ni kweli ya kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba si hali ya dharura tena. Halikusema ugonjwa haupo. Na magonjwa hayaji mara moja tu. Homa kubwa ya mwaka 1918 iliingia kwa meli katika bandari ya Mombasa, ikapanda bara pamoja na reli hii hii. Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulionekana Taveta, mpakani, kwa msafiri aliyekuwa njiani. Tunakaa katika nchi ya bandari, barabara na reli. Mizigo hupita na magonjwa hupita. Mwenye busara hutengeneza breki kabla ya mteremko.

Sasa tutazame kwa nini wazee hutoka hata wakikatazwa. Si ukaidi. Ni mambo matatu: fedha, saa na mtu wa kutumwa.

La kwanza ni fedha. Mashauri yaliyotolewa yalikuwa, nunua chakula cha wiki mbili, ukae nacho. Mwenye mshahara mkubwa aliweza. Lakini wazee wetu wengi hununua kidogo kidogo, sukari ya leo, mafuta ya kupimiwa ya leo, unga wa nusu kilo. Fedha za Inua Jamii kwa mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Zigawe kwa siku 30, hazifiki shilingi 67 kwa siku. Mtu wa namna hiyo hawezi kununua ya wiki mbili kwa mara moja, basi hutoka kila siku, na kila siku anayotoka ni hatari nyingine. Tena kununua kidogo kidogo ni ghali kuliko kununua kwa pamoja. Maskini hulipa zaidi kwa unga ule ule, na juu yake hulipa kwa afya.

La pili ni saa. Amri ya usiku ilipobana, watu wote walinunua jioni moja. Mzee hana nguvu za kusukumana, wala hapendi kupangwa na vijana. Machi 2020, katika Uingereza na Australia, maduka makubwa kadhaa yalitenga saa ya kwanza ya asubuhi kwa ajili ya wazee. Jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mwenye duka na watu wa mtaa kukubaliana. Asubuhi watu ni wachache, na hewa ya duka haijajaa pumzi za watu.

La tatu ni mtu wa kutumwa, nami nimekwisha kulisema.

Wengine watasema wazee wana watoto wao, au wana Serikali. Ni kweli, na amri ya kuheshimu baba na mama tulifundishwa sote. Lakini mtoto aliye Kisumu au Mombasa, njia zikifungwa kama zilivyofungwa mwaka 2020, hawezi kubeba kikapu Nairobi. Anaweza kutuma fedha kwa simu, na wengi walituma. Machi ya mwaka ule ada ya kutuma mpaka shilingi 1,000 kwa M-Pesa iliondolewa kwa muda, ikasaidia sana. Lakini fedha za simu haziliwi. Lazima awepo mtu wa kuzigeuza kuwa unga. Na Serikali haiwezi kujua ya kwamba mzee wa mlango wa nne amemaliza chumvi. Jirani ndiye ajuaye.

Kwa hiyo napendekeza kila tawi lifanye mambo haya sasa, wakati wa salama, bila kungoja tangazo la redio.

KWANZA, tuwe na daftari ya wazee. Tuandike wastaafu wetu na wazee wengine wanaokaa karibu na nyumba zetu, hata kama hawakufanya kazi ya reli. Tuandike jina, nyumba, simu, mtu wao wa karibu, na dawa wanazotumia ikiwa wenyewe wamekubali kusema. Daftari ishikwe na mtu mmoja mwaminifu, isitangazwe.

PILI, kila mzee awe na watu wawili kwa majina, mmoja wa zamu na mmoja wa akiba. Siku ya kununua iwe moja au mbili kwa wiki, zijulikane. Wa zamu akiwa na kikohozi au homa, asiende kwa mzee hata kama anajisikia ana nguvu. Ampigie simu wa akiba. Kubadilishana zamu kwa sababu ya ugonjwa si uvivu, ni usalama wa kazi.

TATU, tuwe na mfuko mdogo. Watu 20 wakitoa shilingi 100 kila mmoja ni shilingi 2,000. Fedha hizo zitatangulia kumnunulia mzee vitu vya kukaa, yaani unga, mchele, maharagwe, ndengu, mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai na sabuni. Fedha zake zikifika, atazirudisha pole pole, nazo zitamsaidia mwingine. Si sadaka. Ni kutangulizia, kama sisi tunavyotangulizana mwisho wa mwezi unapokuwa mbali. Mzee wa reli hapendi kuombewa, na ni haki yake.

NNE, tuzungumze na wenye maduka na kamati za soko zilizo karibu nasi. Tuwaombe saa moja ya asubuhi kwa wazee, kwa siku zile ambazo ugonjwa unaenea. Mzee anayetaka kwenda mwenyewe aende saa hiyo. Tusimfunge mtu ndani kama mahabusu. Wako wazee ambao kutembea mpaka sokoni ndiyo afya yao, na kuchagua nyanya kwa mkono wao ndiyo furaha yao.

Sasa mashauri ya kununua, kwa wazee wenyewe na kwa watakaotumwa.

Andika orodha kabla ya kutoka, ili usizunguke dukani ukikumbuka. Kadiri unavyokaa muda mfupi ndani, ndivyo inavyofaa. Soko la wazi lenye nafasi ni afadhali kuliko duka lililofungwa madirisha. Soko la wazi lililojaa watu bega kwa bega si afadhali. Nenda asubuhi, wala usingoje jioni.

Barakoa ifunike pua na mdomo pamoja. Mzee asiyesikia vizuri hutaka kushusha barakoa ili asemeshwe. Afadhali aoneshe orodha yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Katika foleni acheni nafasi ya hatua mbili. Kijana aliye nyuma ya mzee ndiye mwenye wajibu wa kurudi nyuma, si mzee kusogea mbele.

Mwaka 2020 watu wengi walipangusa kila pakiti kwa dawa, na wengine waliosha sukuma wiki kwa sabuni. Baadaye mabingwa walieleza ya kwamba Korona huenea zaidi kwa hewa tunayovuta karibu karibu, hasa ndani ya chumba kisicho na hewa, na ya kwamba hatari ya kuipata kwa kugusa pakiti ni ndogo. Basi sabuni ni ya mikono, mboga huoshwa kwa maji safi. Ukirudi nyumbani nawa mikono kwa sabuni muda wa sekunde 20, ndipo upange vitu. Desturi hiyo tusiiache, maana kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo bado yapo, nayo mikono michafu huyabeba.

Vitu vya kukaa viwekwe pahali pakavu, juu ya ubao, visiguse sakafu. Mahindi na unga vikipata unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine ni sumu. Mzee asile unga wenye harufu kwa kuogopa hasara. Usimnunulie vingi kuliko anavyoweza kumaliza kabla ya wadudu. Mwenye kisukari aulizwe chakula chake, asijaziwe sukari na mkate kwa kuwa ni rahisi kubeba. Dawa za presha na kisukari zihesabiwe mapema, wiki nzima kabla ya kwisha. Mwaka 2020 wako walioogopa kliniki hata wakakaa bila dawa, na presha haingoji Korona iondoke.

Juu ya fedha, kila anayetumwa alete risiti na chenji, hata kama ni shilingi tano, na aandike katika daftari ya mzee mwenyewe. Na namba ya siri ya simu ya mzee isiulizwe na mtu yeyote, hata awe mtoto wa kanisa. Mzee abonyeze mwenyewe. Wakati wa ugonjwa walaghai nao hupata kazi, na mzee akiibiwa mara moja, hatamwamini tena hata mwenye nia njema.

Ukifika mlangoni, simama nje penye hewa. Weka kikapu, rudi nyuma kidogo, kisha ongea naye. Usitupe mzigo ukakimbia kama mtu anayelisha mnyama. Muulize habari za usiku. Mwache asimulie habari za treni za zamani. Mwaka ule wako wazee waliokaa siku nyingi bila kusikia sauti ya mtu ila ya redio, na redio ilihesabu maiti. Mzee hali unga peke yake, hula na mazungumzo.

Na chanjo ikitolewa, wa zamu awe pia mtu wa kumpeleka. Chanjo za kwanza za Korona zilifika Kenya mwezi wa Machi 2021, na watu wa miaka 58 na zaidi waliwekwa miongoni mwa wa kwanza kupewa. Lakini kuwekwa mbele katika orodha si kufika kituoni. Safari ina nauli, foleni na jua.

Ndugu zangu, yako malalamiko moja ambayo nimeyasikia, nami sitaki kuyaficha. Mfanya kazi mmoja aliniambia, "Mshahara wangu hautoshi watoto wangu, nawe wataka nibebe kikapu cha mtu mwingine." Namheshimu. Hali ni ngumu kwa wote. Lakini tazama hesabu. Wafanya kazi 14 wakishika zamu, kila mmoja akitoka siku moja tu katika wiki mbili, basi kila siku ina mtu. Ni nusu saa, na mara nyingi unakwenda duka lile lile ulilokuwa unakwenda kwa haja zako. Tena sote tunaelekea huko. Hakuna mwenye umri wa miaka 30 leo ambaye hakusudii kufika 70. Zamu tunayoiandika sasa kwa wazee, ndiyo watakayoikuta ubaoni wale watakaotubebea sisi.

Na kwa nini iwe kazi ya chama? Kwa sababu chama ndicho kinachojua kupanga. Kanisa lina upendo, jamaa wana damu, lakini sisi tuna matawi, makatibu, madaftari na desturi ya zamu. Tumezoea kukubaliana jambo moja na kulifanya kwa pamoja. Nguvu hiyo tusiitumie siku ya mgomo tu.

Mkutano wa tawi letu ukiitwa, nitaomba jambo hili liandikwe katika ajenda, likae kabla ya mengineyo, maana mambo ya mengineyo huachwa watu wakikimbilia matatu. Sitasimama niseme "tupo". Nitaomba katibu aandike jina langu kwa siku ya Jumanne, saa mbili ya asubuhi, nyumba nne za safu ile niliyokaa jirani na yule mzee wa ugadi. Nyumba yake sasa ina mpangaji mwingine. Lakini safu ile bado ina wazee watatu na mama mmoja mjane, nao wote hula unga.

Nabaki kuwa mwenzenu,

Mfanya Kazi wa Yadini, Nairobi